Firigisi na Katauti

Jumapili, 9 Machi

Leo nimeshinda. Naandika kabla furaha haijapoa.

Lennox alikuja baada ya kanisa kuomba pikapu. Lennox ni mwanyumba wangu: mimi nimemwoa Winrose, yeye amemwoa Karimi, mdogo wake Winrose. Anataka kubeba mbao kutoka Maua. Ana Probox inayong'aa, lakini mbao haziingii kwenye Probox. Akaomba mbele ya mama mkwe. Makusudi kabisa. Anajua kwetu huwezi kumnyima mwanyumba mbele ya mkwe na ukabaki na jina.

Mama mkwe, Mama Gladwell, yuko kwetu hapa Laare tangu Jumatano. Ametoka Runyenjes kwa sababu ya macho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga na kivuli, basi. Mimi ananijua kwa kikohozi. Vidole vyake ndiyo macho siku hizi. Nilipomchukua stendi alipapasa pikapu yote, akaniuliza kwa nini kiti kimeshonwa kwa gunia. Madaktari wa macho wanakuja Meru mjini Ijumaa hii tu, naye yuko kwenye zamu ya asubuhi. Atakayekosa atangoja mpaka wakumbuke kurudi. Mimi ndiye nitakayempeleka. Hilo nililitangaza mapema, kabla Lennox hajafungua mdomo.

Nina sababu. Krismasi iliyopita, kule Runyenjes, kuku alichinjwa, Lennox akapewa firigisi. Mimi niliwekewa shingo. Mimi, mkwe wa kwanza! Sijasahau. Mama akirudishiwa macho, mtu wa kwanza kumwona atakuwa mimi. Shingo nitawaachia wengine.

Sasa mbinu yenyewe. Pikapu yangu ina katauti. Ni swichi ya siri ya kukomesha wezi. Fundi Sakariye wa Majengo, Meru, aliniwekea mwaka jana. Kitufe kidogo tu, chini ya dashibodi upande wa abiria, kwa sababu mwizi hutafuta upande wa dereva. Ukikibonyeza, plagi hazipati moto. Stata inazunguka vizuri, injini haiwaki, mwizi anachoka anaenda zake. Ukikibonyeza tena, moto unarudi. Kwa kukitazama huwezi kujua kiko vipi, ni lazima ukumbuke. Mimi nakumbuka. Hakuna anayekijua ila mimi na Sakariye. Hata Winrose hajui.

Nikatoka nje kana kwamba naangalia tairi. Nikabonyeza. Nikarudi nikampa Lennox funguo kwa mikono miwili, nikamwambia mali yangu ni mali yake. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Lennox akapiga stata. Akapiga tena. Akafungua boneti, akatazama ndani namna watu wanavyotazama ndani ya boneti. Mimi nilisimama pembeni na uso wa matanga. Nilimpa pole. Nilimkaribisha chai.

Akanywa chai, kisha akasema kwa kuwa pikapu imekufa, Ijumaa atampeleka Mama kwa Probox. Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Nikasema kesho itakuwa imepona. Mama akasema yeye hana ugomvi na gari la mtu, atapanda litakalowaka.

Litawaka. Kesho ni kubonyeza tu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimebonyeza. Haikuwaka.

Nimepiga stata mpaka betri ikaanza kulegea. Petroli ipo, nimeinusa. Fyuzi nimezitazama, nzima zote. Jana nilidanganya kwamba pikapu imekufa, leo imekufa kweli. Mungu naye ana utani wake.

Katauti siyo tatizo. Hiyo nimeibonyeza mwenyewe, kwa kidole changu hiki.

Winrose alisimama mlangoni akinitazama. Akauliza kama nina hakika haiwaki. Nikamwambia masikio anayo. Akasema ajabu, ilipaswa kuwaka. Nikamuuliza amekuwa fundi tangu lini. Alitaka kusema neno, akalimeza, akarudi ndani. Wanawake hupenda kuingilia mambo ya injini.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwita Bundi, fundi wa hapa Laare. Sikutaka. Bundi anaimba besi kwenye kwaya pamoja na Lennox, na anachokijua Bundi mchana, Lennox anakijua kabla ya jua kutua. Lakini Ijumaa haingoji mtu.

Bundi akachomoa plagi moja, akairudishia waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Nikapiga. Plagi ilikaa kimya. Hakuna cheche, hakuna hata dalili. Akasema stata nzuri, petroli nzuri, moto hakuna. Nikamwambia hayo nilishayajua.

Kisha akatoa kibalbu chake chenye nyaya mbili. Waya mmoja kwenye chuma, wa pili kwenye koili. Hakikuwaka. Akaeleza kwamba umeme haufiki hata kwenye koili, kwa hiyo koili haina kosa. Kosa liko huko nyuma. Tuufuate waya tuone umekatikia wapi.

Waya huo unapita wapi? Unaingia ndani na kutambaa chini ya dashibodi. Upande wa abiria. Kufumba na kufumbua Bundi ameshaingiza kichwa.

Nilimvuta kwa mshipi. Nikamwambia kibalbu chake kimeungua. Akakigusisha kwenye betri, kikawaka. Nikamwambia kinawaka kwenye betri kwa sababu kimeizoea betri. Nikasema tatizo ni koili, nalijua gari langu. Akajibu kwamba mwenye gari akisema ni koili, basi ni koili.

Nilikaribia kuumbuka leo. Siri ni kitu kizito sana kukilinda peke yako.

Jumatano, 12 Machi

Nimeenda Maua kwa boda boda kutafuta koili. Nimepata moja iliyotumika lakini yenye afya. Bundi akaifunga. Nikapiga stata. Haikuwaka. Bundi akainua kibalbu chake kidogo, akanionyesha, akakirudisha mfukoni. Dharau ya namna hiyo siipendi.

Nikakumbuka dawa ya marehemu baba: plagi zikikataa, zichome. Nikazichomoa zote, nikazipanga kwenye jiko, pembeni ya sufuria ya Winrose ya githeri, mahindi na maharagwe. Nikatoka kidogo kutafuta koleo. Niliporudi, Mama alikuwa amekaribia jiko kupasha mikono moto. Amegundua kitu pembeni, akakigusa kwa kijiti, akakigonga, akasikiliza. Akasema mahindi ya Laare yamekuwa magumu siku hizi. Winrose alicheka mpaka akakaa chini. Sikuona cha kuchekesha. Mtu anahangaika kwa ajili ya macho ya mamake, yeye anacheka.

Plagi zikarudi mahali pake zikiwa za moto. Pikapu haikuwaka. Kidole changu cha gumba kimeungua.

Jioni nilimweleza Mama, kwa mbali na kwa heshima, kwamba kiti cha Probox kiko chini mno, na mgonjwa wa macho hatakiwi kuinama. Nilisema nimeambiwa na daktari. Akauliza daktari gani. Nikakohoa. Akasema basi atamwambia Lennox aweke mto.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeamua kuisukuma.

Bundi alinionya. Alisema kama plagi haitoi moto, hata nikiisukuma mpaka Isiolo haitawaka, kwani kusukuma kunasaidia betri tu na betri haina kosa. Nikamjibu kwamba yeye ni fundi wa garaji, mteremko una elimu yake. Vijana wa kufunga miraa walikuwa wamekwisha kupakia mzigo wa mchana. Nikawapa kangeta kidogo, ile miraa ya daraja la juu, wakaja wakiimba.

Tulitoka langoni vizuri sana. Nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi. Pikapu ikashtuka, ikakohoa hewa tupu, ikaendelea kuteremka kimya. Vijana wakabaki juu wakipunga mikono. Nilikuja kusimama mbele ya kinu cha posho.

Nani alikuwa kinuni akisagisha mahindi? Lennox. Amejaa unga mpaka kwenye nyusi. Akanipa pole kwa ule unyenyekevu wake unaochoma. Akasema nisiwe na wasiwasi, alfajiri atakuwa langoni na Probox. Mto ameshapata.

Baada ya saa ya futari nikampigia Sakariye. Ni mwezi wa Ramadhani na kabla ya futari Sakariye haongei na mtu. Swali lake la kwanza: katauti imefunguliwa? Nikamwambia asinitukane. Akasema nibonyeze mara moja tu, nijaribu. Nikamfafanulia kwamba niliibonyeza Jumatatu ikafunguka, kwa hiyo nikiibonyeza tena itafunga. Hesabu ndogo kama hiyo inamshinda, na huyu ndiye anayejiita fundi wa umeme. Akasema haya, usiku mwema, akakata simu.

Nimekaa nikafikiri. Injini hii tumeisumbua siku nne nzima, imechoka. Inachohitaji ni kupumzika. Asubuhi itawaka, nina hisia hiyo. Lakini Lennox akifika na mto wake kabla sijapiga stata, nimekwisha. Kwa hiyo nimemwandikia ujumbe: pikapu imepona, asijisumbue kuja. Amejibu upesi. Anamshukuru Mungu, na kwa kuwa sasa ana nafasi, alfajiri atashuka Isiolo kwa shughuli zake.

Safi. Njia iko wazi.

Ijumaa, 14 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tulishuka na Mama mpaka kinuni, Winrose amemshika mkono. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha kanisani. Kadi ya hospitali ameificha kifuani. Akapanda mbele, akajipanga kwenye kiti cha gunia, akatandaza leso juu ya magoti. Bundi naye alikuwepo, amekuja kusaga, au ndivyo alivyodai. Watu wa kinu wakatoka kutazama.

Nikapiga stata. Ikazunguka. Haikuwaka.

Nikapiga tena. Winrose akaniuliza Lennox yuko wapi. Nikasema Isiolo. Akauliza ameenda kufanya nini Isiolo na leo ndiyo siku yenyewe. Nikapiga stata. Gari za abiria za Maua hujaza kwa raha zao, na ukifika Maua unashuka kungoja nyingine. Zamu ya asubuhi ingekuwa imeisha.

Mama akauliza taratibu kama tumechelewa. Nikasema bado. Akasema si neno. Kisha akasema, kama anayejisemea, kwamba tangu mtoto wetu Kanini azaliwe hajapata kuiona sura yake sawasawa. Anamjua kwa kumshika mashavu. Alitamani kujua kama ana mwanya wa marehemu babu yake.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo ndani ya gari lililosimama. Firigisi ilinitoka kichwani kabisa. Nikafikiria jinsi nitakavyomrudisha huyu mama Runyenjes gizani, na mimi ndiye niliyemfukuza mtu mwenye gari zima.

Hapo ndipo maneno ya Sakariye yakanirudia. Bonyeza mara moja tu. Nikasema potelea mbali, hata kama hesabu yake ni mbovu. Nikanyoosha mkono chini ya dashibodi. Mkono ukasimama hewani.

Magoti ya Mama yalikuwa pale.

Mkwe ni mkwe. Toka nimemwoa Winrose sijawahi kula sahani moja na mamake, wala kumpita mlangoni bila kumpisha. Sasa nipitishe mkono magotini pake, mbele ya kinu kizima? Heri pikapu iote nyasi. Nikamwomba ashuke kidogo nikague tairi. Akasema tairi iko nje, yeye yuko ndani, hatuwezi kugongana. Nikasema kuna kitu kwenye kiti. Akasema amekaa vizuri, na akishuka atashuka Meru. Nikamtazama Winrose. Winrose naye alikuwa anatazama magoti ya mamake, jasho likimtoka. Sikuelewa kwa nini.

Mama akaingiza mkono chini ya leso. Akasema, "Baba Kanini, haka kadude kananidunga goti, ndiko unatafuta? Nilikaona ile siku nilikuja. Nilidhani ni kengele ya kushuka. Nikafinye?"

Nikakohoa. Akakifinya.

Nikapiga stata, na pikapu ikanguruma papo hapo. Vijana wa kinu wakapiga makofi. Bundi akavua kofia, akatazama chini ya dashibodi, akanitazama mimi, akaivaa tena. Sitamsamehe.

Njiani Winrose akafunguka. Kitufe alikijua siku nyingi, alikikuta akiosha gari. Jumapili aliniona dirishani nikikibonyeza. Jioni akaenda kukifungua kwa siri ili mume wa mdogo wake apate mbao zake. Kwa hiyo Jumatatu, mimi nikidhani nafungua, nilikuwa nafunga. Yeye naye akadhani gari limeharibika kweli, akanyamaza kwa kuogopa kunieleza. Nikamwambia aone sasa, hayo ndiyo matokeo ya mke kumficha mumewe mambo. Mama alicheka kuanzia Maua mpaka tulipoiona Meru.

Jina lake lilikuwa limeshaitwa. Nesi aligomba kidogo, akampokea. Jicho la kulia limefanyiwa kazi salama. Nimekaa kwenye benchi nikiwa na leso yake mkononi. Naandika hapa hapa.

Jumamosi, 15 Machi

Wamefungua bandeji asubuhi. Mtu wa kwanza Mama kumwona ni nesi. Hilo halina ubishi, nesi ana kazi yake.

Wa pili ni Lennox. Alikuwa anarudi kutoka Isiolo, akapitia hospitali na tikiti maji. Mimi nilikuwa nje nikilinda pikapu, kwa sababu sasa kinu kizima kinajua kitufe kilipo.

Nilipoingia, Mama alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. Haikuchukua muda. Akasema kumbe mimi ndiye huyu mfupi. Kwa sauti yangu alikuwa ananikumbuka mrefu.

Tulipofika nyumbani alimwita Kanini, akamwambia acheke. Mwanya upo. Mama alimshika mtoto mashavu akamtazama muda mrefu, machozi yakimtoka katika jicho bovu na katika lile lililofungwa bandeji jana. Winrose akalia. Karimi, aliyekuwa ameletwa na mumewe, akalia. Mimi nilienda kutazama tairi.

Jumapili, 16 Machi

Tumechinja jogoo. Mama alikataa kupakuliwa, akasema sasa anaona, atagawa mwenyewe. Mimi na Lennox tulikaa upande wetu, tukijifanya tunazungumza habari za mvua. Hakuna aliyesikia alichosema mwenzake.

Lennox akapata paja. Mimi nikapata paja. Nimepanda cheo kutoka shingo, hilo nilikiri moyoni. Nikangoja.

Firigisi akaila Mama mwenyewe. Akaitafuna polepole, kwa utulivu, akasema aliyewasha gari ndiye mwenye haki nayo.

Jumatatu, 17 Machi

Mambo yamerudi mkononi mwangu. Alfajiri niliteremka Majengo, Sakariye akanihamishia kitufe mahali pengine kabisa. Magoti ya mtu hayafiki. Winrose hatakiona hata akiosha gari kwa mswaki. Sipaandiki hapa. Sakariye alianza tena kunieleza jinsi ya kukitumia, nikamwambia namshukuru lakini najua.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Lennox. Amekuja kuomba pikapu, zile mbao bado ziko Maua. Ameomba mbele ya Mama tena! Mtu huyu hana jipya.

Nikatabasamu. Nikasema naenda kuangalia maji ya injini. Nikabonyeza. Halafu, kwa kuwa safari hii sitaki kosa lolote, nikabonyeza tena kwa uhakika. Nikarudi nikampa Lennox funguo kwa mikono miwili, nikamwambia mali yangu ni mali yake.

Imewaka kwa mguso wa kwanza.

Mama akasema kwa kuwa gari linapita kwa Karimi, naye atapanda, akakae huko kidogo. Na Ijumaa, kurudi hospitali kukaguliwa jicho na nesi, Lennox atampeleka kwa pikapu hii hii, kiti chake ameshakizoea. Akajipanga mbele, akatandaza leso. Walipofika langoni akageuka akanipungia mkono. Ananiona vizuri sasa, hata kwa mbali.

Sakariye ni tapeli. Nimebonyeza mara mbili nzima, na bado imewaka! Kesho nashuka Majengo aniwekee ya pili.